Ruta Iliyofungiwa Kabatini

Nyumbani kwetu tuko wanne, na sote tunakula kutoka sufuria moja ya intaneti.

Mwanangu wa kiume anahariri video za harusi. Wapiga picha wanamtumia video kwa mtandao. Yeye anazipakua, anazikata, anaziunga, anaweka muziki, kisha anazirudisha zimependeza. "Mama," huniambia, "video moja ya harusi ni nzito kama gunia la saruji." Mke wake ni muuguzi. Akitoka zamu huvua viatu mlangoni, hunyoosha miguu kwenye kochi la sebuleni na kuangalia tamthilia. Hataki kusemeshwa mpaka sehemu nzima iishe.

Binti yao ana miaka kumi na saba. Tunamwita Nyuki, kwa sababu tangu utotoni hatulii wala hanyamazi. Nyuki anacheza gemu kwenye kompyuta, yeye na wenzake wanne, kila mmoja akiwa kwao. Nami nina simu yangu. Naangalia wanawake wa mbali wakifuma vitambaa, nami nafuma pamoja nao.

Asubuhi, wakati wa chai, mimi na Nyuki tulikuwa na mchezo wetu.

"Kitendawili!" nasema.

"Tega!"

"Anapita ukutani, tofali hata moja halibomoki."

"Waifai."

"Umejuaje upesi hivyo?"

"Bibi, wiki hii umetega vitendawili vitatu, na vyote jibu ni waifai."

Tunacheka. Anamalizia chai akiwa amesimama, anachukua begi, huyo, anakwenda zake shule.

Siku ruta ilipoletwa, nilifurahi kuliko wote. Ruta ni kile kisanduku kidogo chenye taa. Kinapokea intaneti kutoka kwenye waya wa kampuni, kisha kinaigawa hewani kwa simu, televisheni na kompyuta za nyumba nzima. Waya wa kampuni uliingilia dirisha la chumba changu, chumba cha mwisho kabisa. Nami chumbani mwangu nina kabati la vioo. Humo mna sahani za wageni, sinia kubwa la bati limesimamishwa kwa nyuma, na redio ya marehemu mume wangu. Kitu cha maana kwangu hukaa kabatini. Basi nikaiweka ruta humo, kati ya redio na sinia. Nikaifunika kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe. Nikafunga kwa ufunguo, na ufunguo nikauvaa shingoni.

Mwanangu alicheka. "Mama, hiyo itakosa pumzi."

"Na vumbi je? Utalifuta wewe?"

Akaiacha humo. Mimi ni mama yake, hakutaka kubishana nami kwa ajili ya kisanduku. Hivyo ndivyo kosa la kwanza lilivyoingia nyumbani mwetu. Liliingia kwa heshima.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nikigusa ruta ile naikuta ya moto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Hasa Jumamosi alasiri, watu wote wakiwa nyumbani, mmoja anapakua, mwingine anaangalia tamthilia, mwingine yuko kwenye gemu. Nikaihurumia. Nikasema, hata punda hutuliwa mizigo. Nikawa nafungua kabati, nabonyeza kitufe, taa zinazimika. Nasubiri kiasi cha kufuma mistari miwili. Kisha naiwasha tena, nafunga kabati, naendelea na kazi yangu.

Sikumwambia mtu. Sikuona kama ni jambo la kutangaza. Mtu akifuta meza, hupiga mbiu?

Ikaja habari ya mashindano. Nyuki aliniletea chumbani, akakaa kitandani kwangu na miguu juu.

"Bibi, sikiliza vizuri. Hii si michezo ya kupoteza muda. Timu itakayoshinda, wachezaji wote watano wanapata nafasi chuoni. Wanasomea kutengeneza gemu. Kutengeneza, Bibi, siyo kucheza."

"Bure?"

"Bure. Na sisi tumeingia. Tunacheza kila Jumamosi saa tisa alasiri, kila mtu kwao. Lakini kuna sharti moja baya."

"Lipi?"

"Ukikatika katikati ya mchezo mara tatu, unaondolewa. Anaingia wa akiba."

"Hutakatika," nikamwambia. "Nani akukate?"

Alinibusu shavuni akatoka mbio.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya joto kali. Saa tisa na nusu niliweka kiganja kwenye kioo cha kabati. Kioo chenyewe kilikuwa cha moto. Nikafungua, nikabonyeza kitufe. Mara nikasikia ukelele kutoka chumba cha Nyuki.

"Jamani! Jamani, nani?"

Mwanangu naye akapaza sauti kutoka kwake. "Video yangu ilikuwa imefika asilimia tisini na nne! Tisini na nne!"

Sebuleni mkwe wangu akasema, "Kwangu bwana harusi ameganda, mdomo wazi, kama anangoja kulishwa."

Nikaiwasha upesi. Lakini ruta ikizimwa haiamki kama mtu aliyeguswa bega. Huchukua dakika kadhaa kujikusanya. Mpaka inaamka, mchezo wa Nyuki ulikuwa umekwisha kumtema.

Mwanangu akaenda kusimama mlangoni kwa binti yake. "Ni hilo gemu lako. Linameza intaneti yote. Mimi hapa natafuta riziki, wewe unapiga risasi."

"Baba, gemu halili sana."

"Halili? Na hizo kelele zote?"

Nami nilitoka, nikajitia msuluhishi. "Mpunguzie baba yako, mjukuu wangu," nikasema. Maneno hayo nayakumbuka yote. Laiti ningeyameza.

Mtaniuliza, hukujua? Nilijua na sikujua. Nilijiambia kwamba intaneti yetu inakatika hata nisipoizima. Na ilikuwa kweli. Ilikuwa ikizunguka, ikiganda, ikipotea kabisa chumbani kwa mwanangu, ikirudi yenyewe bila kuitwa. Kwa hiyo kosa langu lilijificha ndani ya makosa mengine, nami nikaliacha lijifiche.

Jumamosi ya pili nikafanya vile vile. Safari hii Nyuki hakupiga kelele sana. Alikuja chumbani kwangu na vile visikizio vyake vikubwa vikining'inia shingoni.

"Bibi, ni kama kuna mtu anaizima. Haikatiki polepole. Inakufa ghafla, halafu inafufuka."

Nilikuwa na sindano ya kufumia mkononi. Niliinamisha kichwa, nikahesabu matundu ya kitambaa. "Labda ni umeme," nikasema.

"Umeme haukukatika, Bibi. Taa ilikuwa inawaka."

"Basi sijui, mwanangu."

Aliniamini, akaenda zake.

Jumamosi ya tatu niliapa sitaigusa. Nilikaa mbali na kabati. Saa tisa ikapita, saa tisa na robo ikapita. Namsikia Nyuki anawaelekeza wenzake kwa sauti ya furaha: "Kushoto! Ngoja, usitoke! Sasa!" Kisha nikasikia harufu ya plastiki iliyopata moto. Ilikuwa inatoka kabatini. Nikaogopa nyumba itaungua. Sikumwita mtu. Ningemwita mtu, ingebidi nieleze na mengine. Nikafungua, nikazima.

Siku hiyo Nyuki hakupiga ukelele hata kidogo. Baadaye alitoka, akasimama katikati ya sebule.

"Basi," akasema. "Wameniondoa."

Mama yake akanyanyuka kwenye kochi. Baba yake alikuwa na hasira ya video yake, akasema bila kufikiri, "Sasa labda utapata muda wa kusoma."

Nyuki alimwangalia baba yake, kisha akaniangalia mimi. Asubuhi yake, wakati wa chai, nilisema, "Kitendawili!" Akajibu kwa adabu, "Nimechelewa, Bibi." Na kumbe ilikuwa Jumapili.

Asubuhi hiyo hiyo mwanangu alisimama na simu mkononi. Bibi harusi mmoja alikuwa amemwandikia kwa mara ya nne, anauliza video yake iko wapi.

"Nakwenda dukani," akasema. "Nanunua ruta mpya. Nimeona moja ina antena nane na taa nyekundu. Imesimama kama kaa mwenye hasira. Imeandikwa ni ya wacheza gemu."

Mkwe wangu akasema, "Kabla hujaleta kaa nyumbani kwangu, muulize kwanza Ngazi."

Ngazi ni jirani yetu wa ghorofa ya chini. Ni dada mmoja, fundi wa mitandao. Anafunga intaneti kwenye maofisi na mahospitali. Tunamwita Ngazi kwa sababu ukikutana naye, ngazi yake iko begani. Alikuja baada ya saa moja, na kompyuta ndogo na kipande cha waya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi leo umeiacha?"

"Leo natibu nikiwa chini. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikampeleka chumbani, wote wakatufuata. Nikafungua kabati. Ngazi aliangalia kitambaa, akaangalia sinia, akaangalia vioo. Alishika kiuno.

"Mama, huyu mgonjwa au mfungwa?"

Wote wakacheka, hata Nyuki kidogo. Nami nikacheka.

Ngazi hakuishika ruta kwanza. Alichomeka waya wake moja kwa moja kati ya kompyuta yake na kile kisanduku cha kampuni kilicho dirishani, ambacho ndicho kinachoilisha ruta. Akapima kasi. Akamwonyesha mwanangu namba.

"Ona. Intaneti mnayoilipia inafika nyumbani yote, bila pungufu. Anza hapa siku zote, kabla ya kununua chochote. Kama hapa pangekuwa na shida, hata ungenunua ruta ya dhahabu ungepata matatizo yale yale. Ungepaswa kuwapigia kampuni."

Kisha akapima kupitia ruta, hapo hapo chumbani. Ikashuka nusu. Akaenda chumbani kwa mwanangu. Ikashuka mpaka karibu na sufuri.

"Sikilizeni," akasema. "Mawimbi ya waifai yanapita ukutani, lakini kila ukuta unayachosha. Bati hayapiti, yanarudishwa. Hapa kuna sinia la bati. Kuna kabati lenyewe. Kisha kuna kuta tatu mpaka kwa Baba Nyuki. Na hiki kitambaa kizuri kimeziba matundu ya hewa. Ruta ikipata joto sana inapunguza kasi, au inajizima ili isiungue."

Akafungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta. Akakunja uso.

"Umeme ulikatika leo asubuhi?"

"Hapana," akasema mkwe wangu.

"Hapa inasema imewaka dakika arobaini tu. Ingejizima kwa joto, ingeacha onyo hapa, na onyo halipo. Kuna mtu ameizima kwa mkono."

Ni kweli. Nilikuwa nimeipumzisha baada ya chai. Harufu ile ilinitia hofu, na mkono ulikuwa umezoea.

Mwanangu akamgeukia binti yake. "Nyuki! Ndiyo visasi hivi? Wameondoa jina lako, sasa na sisi wote tukose?"

"Baba, mimi? Ufunguo wa kabati ninao?"

"Usinijibu hivyo!"

Ufunguo ulikuwa kifuani kwangu. Niliuona mzito kama kufuli.

"Mwache mtoto," nikasema. "Ni mimi."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi niseme tena.

"Ni mimi ninayeizima. Inapata moto. Nilikuwa naipumzisha."

Ngazi alitazama chini, kwenye waya wake. Mkwe wangu aliweka mkono mdomoni. Nyuki akaniuliza taratibu, kama anamwuliza mtoto.

"Na Jumamosi, Bibi?"

"Na Jumamosi."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Na nilipokuja kukuuliza?"

Niliinamisha kichwa, kama siku ile. Nyuki alivuta kiti, akakaa, akamwambia Ngazi, "Endelea, dada." Ningependa angenifokea.

Ngazi aliendelea, lakini sasa alisema kwa upole. "Mama, ruta haichoki kama mtu. Imetengenezwa iwake usiku na mchana, mwaka mzima. Inachotaka ni hewa. Ukiiona ya moto, usiizime kila siku. Itoe ilipobanwa."

"Na gemu je?" mwanangu akauliza. "Si ndilo lilikuwa linaila?"

Ngazi akatikisa kichwa. "Gemu likiwa linachezwa linakula kidogo mno. Kinachotumwa ni vijiujumbe vidogo: nimekwenda kushoto, nimeruka. Ila vinataka vifike papo hapo, bila kuchelewa. Tamthilia inakula zaidi. Anayeongoza kwa kula ni anayepakua na kutuma mafaili makubwa."

"Yaani mimi."

"Yaani wewe. Video yako ikijaza njia, vijiujumbe vya Nyuki vinakaa foleni nyuma yake. Wewe ndiye uliyekuwa unamchelewesha, siyo yeye anayekuchelewesha wewe."

Mwanangu alikuna kichwa. Kisha akasema, "Nyuki, nisamehe." Nyuki akasema, "Sawa, Baba." Sauti yake ilikuwa kavu.

Ruta yenyewe ilikuwa ya zamani na ndogo. Ngazi alisema hata ikitolewa kabatini haitatosha kwa nyumba kama yetu. Tukaenda dukani watatu: mimi, mwanangu na yeye. Nilimwomba Nyuki twende naye. Akasema ana kazi za shule.

Muuza duka alituletea yule kaa mwenye antena nane. "Hii ndiyo yenyewe, Mama. Kwa gemu hakuna zaidi. Ona taa!"

Ngazi akamwuliza, "Zile antena, kila moja inafanya kazi gani?"

"Zinavuta, dada."

"Zinavuta nini?"

"Zinavuta tu."

Nami nikashindwa kujizuia. "Kitendawili!" nikamwambia kijana wa watu.

"Tega," akasema akicheka.

"Ana pembe nane, wala hapigani."

Akafikiri. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nikupe mji gani, Mama?"

"Wowote wenye intaneti."

Duka zima likacheka. Nami moyoni nikasema, hiki ningemtegea Nyuki. Kicheko changu kikaishia hapo.

Ngazi alitufundisha namna ya kuchagua, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Ruta yetu ya zamani ilikuwa na njia moja tu ya hewani, na majirani wote wa jengo letu wamo kwenye njia hiyo hiyo. Ruta nzuri ina njia mbili. Ya kwanza inafika mbali na inapenya kuta, lakini ni ya polepole na imejaa watu. Ya pili ina kasi kubwa, ila haipendi kuta nyingi. Simu ya chumba cha mbali inatumia ile ya kwanza. Televisheni ya karibu inatumia ya pili.

Akatuambia tuangalie kama imeandikwa ni waifai ya kizazi cha sita au cha baadaye. Hizo zinahudumia vifaa vingi kwa pamoja bila kuvisukuma pembeni. Mwanangu akahesabu vifaa vya nyumbani kwa vidole. Alifika kumi na moja, akashangaa mwenyewe.

"Sasa geuza, ona mgongo wake," Ngazi akasema. "Matundu haya ni ya waya. Hakikisha ni ya kasi kubwa, kwa sababu mengine ya bei ya chini yanabana. Kompyuta isiyohamahama ichomeke waya. Ya kwako na ya Nyuki, zote mbili. Kwa gemu, waya unashinda waifai yoyote duniani."

"Na ile foleni?" mwanangu akauliza.

"Tafuta yenye uwezo wa kupanga foleni. Utaiambia gemu litangulie, na video yako isubiri kidogo. Video ikichelewa dakika mbili haifi. Mchezo ukichelewa hata kupepesa jicho, umekwisha."

Aliuliza pia kama ruta itakubaliana na kisanduku cha kampuni yetu. Aliuliza kama watengenezaji bado wanaitolea masasisho, maana ruta isiyosasishwa ni mlango usio na komeo kwa wezi wa mtandaoni. Mwisho akauliza dhamana. Tulichukua ya kawaida tu, nyeupe, yenye antena nne fupi. Kaa tukamwacha dukani na taa zake.

Ngazi aliifunga siku hiyo hiyo. Alivuta waya mrefu kutoka chumbani kwangu mpaka katikati ya korido, akaweka ruta juu ya rafu ya mbao, mahali pa wazi. Kutoka hapo akapitisha waya mmoja kwa mwanangu na mwingine kwa Nyuki. Akabadilisha neno la siri lililokuja nayo kutoka kiwandani. Mimi nilishika nyundo na misumari ya kubania waya. Nyuki alishika tochi. Tulifanya kazi bega kwa bega, bila hata kitendawili kimoja.

Jumatatu mwanangu alipakua harusi nzima kabla chai haijapoa. Akatoka nje ya chumba chake akicheza peke yake koridoni. Mkwe wangu aliangalia tamthilia sehemu tatu mfululizo, akalalamika kwamba sasa hapati sababu ya kwenda kuosha vyombo. Rafiki wa Nyuki akampigia, wakacheza kirafiki saa nzima, naye hakukatika. Kila nilipopita koridoni niligusa ruta. Ilikuwa na joto la kawaida, kama kikombe kilichokaa. Niliiacha iwake.

Lakini mimi nilikuwa na kazi moja iliyobaki. Jumanne nikamwambia Nyuki, "Nipigie simu nahodha wenu."

"Wa nini, Bibi?"

"Nipigie tu."

Nahodha alikuwa msichana wa umri wake, sauti nzito kidogo. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyemkata mwenzenu. Mara zote tatu. Nilizima ruta kwa mkono wangu huu. Yeye hana kosa. Mrudisheni, mimi nitaandika barua, nitatia sahihi, nitafanya lolote."

Akasema, "Bibi, tunamtaka. Tuliwaomba wasimamizi hata kabla yako. Jina la wa akiba limekwisha kuandikwa. Sheria haiulizi aliyezima ni nani."

"Hata nikija mwenyewe?"

"Hata ukija, Bibi. Pole sana."

Aliniambia pole yeye, mtoto niliyemharibia timu. Nilimrudishia Nyuki simu. Aliipokea, akabaki amesimama.

"Umejaribu, Bibi," akasema.

"Nimejaribu nikiwa nimechelewa."

"Ndiyo," akasema. Hakunidanganya, na nilimshukuru kwa hilo.

Wenzangu wa umri wangu, nawaambia haya bila kuficha. Kitu msichokijua msikifungie, wala msikihurumie kwa kubahatisha. Waulizeni vijana wa nyumbani, hata kama wataona mmeuliza swali la kitoto. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo. Mimi ningesema Jumamosi ya kwanza, tungecheka wote. Ningesema ya pili, pengine angenuna kidogo. Niliacha mpaka ya tatu.

Fainali ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, nayo ilionyeshwa kwenye televisheni kupitia mtandao. Sikudhani Nyuki ataiangalia. Lakini alikuja, akakaa karibu nami kwenye kochi. Baba yake alisimamisha kazi. Mama yake alikaa sakafuni.

Nyuki alinieleza. "Yule mwekundu ndiye nahodha. Yule mdogo wa kijani, yuko mahali pangu."

"Anaweza?"

"Anaweza. Ona, ona, anakwenda kushoto. Vizuri!"

Alikuwa akimwelekeza kwa midomo, bila sauti. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya goti. Dakika ya mwisho yule wa kijani aliruka, akageuka, akamaliza kazi. Timu ya Nyuki ikashinda. Nyuso tano zikatokea kwenye televisheni, kila moja kwenye dirisha lake, wanalia, wanacheka, wanaziba midomo. Likasomwa jina la chuo, kisha majina matano.

Nyuki alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu, mpaka wa mwisho. Nyuso zile zilionekana safi, machozi na meno, bila kuganda, bila kuzunguka, bila kukatika hata mara moja. Nami, kwa mara ya kwanza tangu intaneti iingie nyumbani mwetu, niliomba ikatike.